Tulivyomzika Kijana Ambaye Hatukumwona

Nitaandika jinsi tulivyomzika mtoto wa mwenzetu, kijana ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona, akiwa hai au akiwa maiti. Mimi ndiye niliyetoa wazo. Wenzangu wa kikundi wakisimulia husema tuliamua pamoja. Si kweli. Niliamua mimi, wao wakafurahi.

Kikundi chetu kiko Nyamasaria, nyuma ya kanisa, katika ukumbi wa mabati ambao mvua ikinyesha hamsikilizani. Kilianza na akina mama sita waliokuwa wakipeleka unga na nguo kwa watu waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kongo na wachache kutoka Sudan Kusini. Baadaye wakaja wafadhili, nao wakasema unga peke yake hautoshi, watu hawa wameumia moyoni. Ndipo tukaanza vikao vya Jumatano. Watu hukaa duara wakifuma vitambaa, na anayetaka kusema anasema. Mimi nilichaguliwa kuwa mmoja wa wasikilizaji. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alisema kwa kazi hii hatafuti mtu mwenye vyeti, anatafuta mtu aliyefiwa.

Mimi nimefiwa. Mume wangu aliingia ziwani asubuhi moja kutoka ufuo wa kwetu Nyakach, na wenzake waliukuta mtumbwi wake ukielea, nyavu zimo, yeye hayumo. Tulimtafuta siku tisa. Kwa kawaida ziwa humrudisha mtu siku ya tatu au ya nne. Huyu halikumrudisha. Kwetu mtu akipotea hivyo haachwi tu. Wazee huangua tunda la mti wa yago, lile refu lenye rangi ya majivu, ambalo ukilibeba mikononi ni zito kama paja la mtu. Hulifunga katika nguo ya marehemu na kulizika kama mwili. Watu wanalia, chai inapikwa, kaburi linafunikwa. Baada ya hapo mke anaitwa mjane na maisha yanaruhusiwa kuendelea.

Ndivyo nilivyofanyiwa. Katika kikao changu cha kwanza kama msikilizaji nilisimulia habari hiyo, nikamaliza kwa kusema kwamba tangu siku ile nilipata usingizi. Watu walipiga makofi. Mama mmoja wa Sudan alinishika mkono akaubusu. Tangu hapo kila wafadhili wakija mwenyekiti huniita mbele na kusema, "Mama, hebu waambie ile ya yago."

Mwanamke ninayetaka kumwandika alifika kwetu akiwa na binti wa miaka kumi. Walipita Uganda, wakaingia Busia, na lori walilopanda likawashusha Kisian kwa sababu dereva alichoshwa na kilio cha mtoto. Wakakaa Kisian wiki mbili, mama akimmenyea viazi muuza chipsi wa barabarani, mpaka mtu wa kanisa akawaleta Nyamasaria. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu na chetu ni cha watu wanaofikiri kwa Kijaluo, kwa hiyo siku za kwanza tulichekana. Yeye alisema "miye" na "mutoto." Sisi tulisema "hii mtoto." Kila upande uliamini ule mwingine ndio ulioharibu lugha. Kwetu neno kongo ni pombe, na mama mmoja wa kikundi, muuza omena, vile vidagaa vya ziwani, mwenye ulimi, akaanza kumwita Binti Pombe. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Banacheka nini?" aliniuliza.

"Wanakukaribisha," nikamwambia.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake.

Katika duara, kila mgeni huambiwa ataje aliowapoteza. Hatumlazimishi, lakini macho yote huwa kwake, na sijaona mtu aliyenyamaza. Zamu yake ilipofika alisema yeye ana watoto wawili, huyu binti na kaka yake, na kaka yake yuko njiani.

"Njiani wapi, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Njiani anakuja."

"Tangu lini?"

"Inafika myaka ine sasa."

Sindano zilisimama. Kisha yeye mwenyewe akaeleza, bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Walikuwa wanakimbia kijiji chao pamoja na watu wengi, kijana amejitwika godoro kichwani. Walipofika mahali barabara inapogawanyika, risasi zikaanza, na watu wakakatika pande mbili. Yeye na binti walisukumwa kulia. Aliliona lile godoro likienda kushoto juu ya vichwa vya watu, likienda vizuri tu, halianguki. Ndicho alichokuwa nacho. Godoro halikuanguka, kwa hiyo mtoto hakuanguka.

"Sikufiwa," alisema. "Musiniandike kwa bantu ya kufiwa."

Mwenyekiti alimwandika hivyo hivyo. Fomu ya wafadhili haikuwa na mahali pa mtu aliye njiani.

Nilipewa yeye awe mtu wangu wa kumtembelea. Chumba chao kilikuwa karibu na barabara kubwa, na kodi yake ililipwa na kikundi. Nilikuwa nikienda Jumatatu na Ijumaa. Alikuwa akipika ugali kwa watu watatu. Sahani ya tatu aliifunika na kuiweka juu ya sanduku, na kesho yake asubuhi yeye na binti waliila ikiwa baridi. Siku za soko alikwenda mjini kwa wauza vitenge wa Kongo, kuuliza waliofika karibuni kama wamemwona kijana mwenye kovu linalokata unyusi wa kushoto. Wauza vitenge walikuwa wameshamzoea. Mmoja akimwona kwa mbali hupaza sauti, "Mama ya Kovu, leo hakuna!" ili asijisumbue kufika.

Na alikuwa na shati. Lilikuwa shati jeupe la shule la yule kijana, lenye alama ya kalamu ya wino ndani ya kola. Alilifunga katika mfuko wa nailoni, fundo juu ya fundo, na hakuwahi kulifua. Jumapili baada ya kanisa alifungua mafundo, binti akaingiza uso mfukoni akavuta pumzi, kisha yeye naye, kisha wakafunga. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilitoka nje nikasimama ukutani. Nilimwonea wivu. Nilisema nitaandika kweli, na kweli ndiyo hiyo. Nguo ya mume wangu iko ardhini.

Binti ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alikojoa kitandani, na shuleni alipiga mayowe mwalimu akifunga mlango. Aliota godoro. Alimwambia mwalimu wake kwamba kaka yake huja kusimama mlangoni na godoro kichwani, na kwamba hawezi kuingia kwa sababu godoro ni pana kuliko mlango. Mwalimu akalileta neno hilo kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaliweka mezani siku ya kikao cha viongozi.

Muuza omena alisema, "Hii ni wazi kabisa. Huyo kijana amekufa na anataka kuzikwa. Sasa anasumbua hii mtoto."

"Na ile sahani!" akasema mwingine. "Mtu anapakulia maiti chakula, na mnashangaa maiti anakuja?"

Mwenyekiti alinitazama. "Mama, wewe ndiye unamjua. Unasemaje?"

Wakati wa mafunzo msichana aliyetufundisha alituambia mara nyingi kwamba kazi ya msikilizaji ni kusikiliza. Tusitoe mashauri. Tusimpe mtu mambo yetu. Niliandika maneno hayo katika daftari, na daftari lilikuwa mkobani mwangu, kwenye mapaja yangu, wakati niliposema:

"Tumzikie yago."

Nilishangaa jinsi walivyofurahi. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Vikao vyote vile walikuwa wakishindwa na vitambaa na fomu na maneno ya wafadhili, na sasa kulikuwa na jambo wanalolijua kulifanya. Kumzika mtu tunajua. Hapo hapo wakaanza kugawana kazi, nani alete sukari, nani azungumze na katekista. Mwenyekiti akasema wafadhili watapenda sana, kwa sababu wao husema siku zote tutumie mila zetu.

Kumwambia mwenyewe nikaachiwa mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akipepeta mchele, na hakuacha.

"Juu ya nini munataka nimuzike?" alisema. "Ni mutu muzima. Kwetu ukizika mutu yenye iko muzima, umemuua. Hata kama anarudi, anarudi amekufa."

"Si yeye tunayemzika. Ni tunda."

"Basi muzike tunda yenu. Miye sina tunda."

Nilikwenda tena Ijumaa, na Jumatatu, na Ijumaa. Nilizungumza juu ya mtoto kila mara, kwa sababu niliona hapo ndipo anapolainika. Nilimwambia mtoto ataacha shule. Nikamwambia mtoto atapoteza akili. Mwenyekiti naye alimwita akamwambia kwa sauti yake ya darasani, "Hapa hatumlazimishi mtu. Lakini kikundi kinalipa kodi ya watu wanaokubali kusaidiwa." Jioni hiyo hiyo binti alipiga mayowe mpaka majirani wakagonga ukuta. Nilipofika kesho yake nilimkuta mama amekaa kizingitini.

"Na weye," aliniuliza, "ile tunda ilikusaidia?"

"Ilinisaidia."

"Unalalaka usingizi?"

"Kama mtoto."

Mimi huwa siwezi kudanganya, watu wanaonijua watakuambia hivyo, na labda ndiyo maana aliniamini. Akaingia ndani akautoa ule mfuko. Nilikuwa nimemwambia kwamba bila nguo yake tunda ni tunda tu.

Tulikwenda Alhamisi asubuhi kwa gari la kanisa mpaka Katito, kule Nyakach, halafu kwa miguu mpaka bomani kwa mume wangu, ambako ndugu yake mdogo ndiye mwenye boma sasa. Mti wa yago uko hapo karibu na kijito. Shemeji yangu aliliangua tunda mwenyewe, akaja nalo begani akihema.

"Shemeji," aliniambia kwa Kijaluo, "huyu ni mzito kuliko bwana yako! Wakongo mnakula nini?"

Watu walicheka, na mama yule pia akatabasamu kidogo kwa adabu, kwa sababu hakuelewa. Kaburi lilichimbwa nje ya ua, kando ya njia ya ng'ombe, maana mgeni hazikwi ndani ya boma. Lilikuwa fupi. Mwenyekiti alipiga picha. Katekista alisoma, lakini alikataa kusema "mwili wa ndugu yetu," akasema "hiki tulichonacho hapa."

Mimi ndiye niliyefungua mafundo. Yalikuwa matano, na mawili ya mwisho niliyakata kwa meno. Nililivisha tunda shati. Halikuweza kufungwa vifungo, tunda lilikuwa nene, kwa hiyo nikalizungushia na kufunga mikono ya shati kwa mbele, kama mtu aliyekunja mikono. Harufu ilitoka. Ilikuwa harufu ya jasho la kawaida tu, ya mtoto aliyerudi kutoka shule, lakini alipoisikia mama yule alijongea mbele hatua mbili na akina mama wawili wakamshika mabega kwa upole.

Kisha tukalia. Kwetu kilio si cha mtu mmoja. Ukifika kwenye kaburi unawalia maiti wako wote. Mmoja alimlia dada yake, muuza omena aliwalia mapacha wake, nami nilimlia mume wangu kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku ya yago lake. Tulilia vizuri sana. Aliyekuwa mkavu ni mwenye msiba peke yake. Mwenyekiti akamsogelea, akamwambia sikioni lakini tukasikia, "Lia kidogo, mama. Picha zinaenda ng'ambo."

Binti ndiye aliyelia. Alianza polepole, akatutazama tunavyofanya, halafu kitu kikafunguka ndani yake, akaanguka kifudifudi kwenye udongo akimwita kaka yake kwa jina. Hatukumzuia. Tulitazamana kwa furaha. Mwenyekiti alinibana mkono akasema, "Umeona? Imefanya kazi."

Na ilifanya kazi. Ningependa kuandika kwamba haikufanya. Usiku ule binti alilala mpaka asubuhi na shuka ilikuwa kavu, na usiku uliofuata, na uliofuata. Shuleni aliacha mayowe. Katika duara la watoto alisimama akasema, "Marehemu kaka yangu alikuwa anajua kupiga filimbi," na watoto wenzake wakampigia makofi. Mwenyekiti aliandika habari yake ukurasa mzima. Nikapewa zawadi ya kitenge mbele ya watu.

Siku ya nane baada ya mazishi nilimkuta mama peke yake chumbani. Alikuwa amepika kwa watu watatu. Binti, kabla ya kwenda shule, alikuwa ameichukua sahani ya tatu kutoka juu ya sanduku na kuila mwenyewe, ikiwa bado moto.

"Nimemupiga," aliniambia. "Sijamupigaka tangu azaliwe. Anasema: mama, kaka amekufa, mamama wote bamesema. Anasema: mama, na weye ulikuwako."

Niliiokota sahani tupu nikaiweka juu ya sanduku.

"Tulikuwa tunamungojea babili," alisema. "Sasa ninamungojea miye mwenyewe tu." Akanishika kitambaa cha kichwa, akanivuta uso wangu mpaka karibu na wake. "Leta shati yangu."

Nilikwenda naye Katito. Hilo walau nililifanya. Shemeji alikuwa akikamua ng'ombe, na aliposikia tulichofuata aliacha ndoo akasimama.

"Kaburi haifunguliwi juu ya nguo," alisema. "Shemeji, mwambie. Nitamnunulia shati, hata mbili. Hapa Katito zimejaa."

"Yeye anataka lile."

"Hiyo sasa ni ya maiti."

"Hakuna maiti," mama akasema. "Kuko tunda. Ulilibeba weye, na ulicheka."

Alikuwa ameelewa, basi. Shemeji aligeuka kunitazama kama mimi ndiye niliyemtukana. Mama hakungoja. Alitoka uani, akapiga magoti kwenye njia ya ng'ombe, akaanza kufukua kwa mikono. Udongo ulikuwa bado laini. Mke wa shemeji alipiga ukelele ambao hupigwa mchawi akikamatwa, na majirani wakaja mbio, wengine na mijeledi ya ng'ombe. Mtu akitia mkono kaburini kwetu anajulikana ni wa namna gani. Alipigwa mara mbili au tatu mgongoni kabla hawajaona kwamba niko naye. Wakaniambia, "Mtoe mtu wako." Mke wa shemeji alimshika mkono wa kulia. Mimi nilimshika wa kushoto. Tulimvuta, naye akawa mwepesi kuliko nilivyodhani, na kucha zake zilikuwa zimejaa udongo. Shemeji akaanza kurudishia kwa jembe. Kabla hajamaliza niliiona kona ya shati. Lilikuwa limekwisha kugeuka rangi, maji ya tunda yalikuwa yamelilowesha, na hata kama tungelitoa, harufu ile haingekuwemo tena. Yeye pia aliliona. Hapo akaacha kuvutana nasi.

Tulikaa stendi ya Katito, ilikuwa siku ya soko, watu wakipita na kuku na mitungi. Mgongo wa blauzi yake ulikuwa na mistari. Nilinunua soda mbili, yake akaiweka chini bila kuifungua.

"Nilikudanganya," nikasema. "Ile yago haikunisaidia."

Hakugeuka.

"Silali. Mpaka leo nikisikia mtu anakohoa nje nainuka. Nikipita ufuoni nawatazama wavuvi mmoja mmoja usoni. Walizika tunda, na tangu siku hiyo nimekatazwa kusema kwamba namngoja, basi namngoja kwa siri, kama mwizi."

"Sasa juu ya nini uliniambia?"

Ningeweza kusema ni kwa ajili ya mtoto. Ningeweza kusema mwenyekiti alinisukuma.

"Nilitaka tuwe wawili," nikasema.

Alinitazama, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama uso wa mtu anayetazama kitu sokoni na kuona hakimfai. Akainuka akapanda gari lililokuwa linaondoka, akaniacha hapo na soda mbili.

Kikundi kilimfuta kwenye orodha. Mwenyekiti alisema mtu aliyefukua kaburi hawezi kukaa katika duara na wengine, wataogopa, na hilo lilikuwa kweli, wangeogopa. Binti aliruhusiwa kuendelea, kwa sababu binti alikuwa mfano wetu. Mama akapata kazi ya kufua nguo za watu, akabaki katika chumba kile kile kwa jasho lake. Tukikutana njiani alipita.

Kisha Jumamosi moja mchana alikuja kwangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Ulimuambia mutoto yangu kaka yake amekufa," alisema. "Miye nikisema haiko hivi, hanisikii. Anasikia weye. Uende umuambie ulidanganya."

Nilivaa viatu. Tulitembea mpaka kanisani bila kusemezana. Yeye akabaki nje ya geti, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuingia, nami nikaingia ukumbini walikokuwa watoto. Binti alikuwa akimsuka mwenzake, ameshikilia kitana mdomoni. Alikuwa amenenepa. Nilimwita pembeni, nikainama mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Mwanangu," nikamwambia, "ile siku ya Katito, sisi tulikosea. Hatujui kama kaka yako amekufa. Hakuna anayejua. Mama yako anasema yuko hai, na huenda ni kweli. Unaweza kumngoja."

Alikitoa kitana mdomoni. Niliona kifua chake kikianza kupanda na kushuka kama zamani, kabla ya mayowe. Kisha akakituliza mwenyewe.

"Mama, miye nimeshalia," alisema. "Nimemaliza. Usinirudishe huko."

"Mama yako yuko nje. Anakungoja umwambie kwamba..."

"Umuambie sitaki."

Akarudi kwa mwenzake, akamgeuza kichwa kwa vidole viwili, akaendelea na mstari aliokuwa ameuacha.

Kutoka ukumbini mpaka getini ni hatua thelathini hivi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kutafuta maneno mengine. Ningesema mtoto anafikiri. Ningesema tumpe muda. Alikuwa ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili na alikuwa akinitazama tangu nilipotokea mlangoni.

"Anasema nini?"

Nikamwambia alivyosema, neno kwa neno.